Mgeni wa Kisima cha Nne

Kikombe ndicho kilichoanza. Kilikuwa kikombe cha plastiki cha bluu, mshikio wake umeungua kidogo kwa kuwekwa karibu na jiko. Mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka saba ambaye, kwa wingi wa maneno yake, nyumba nzima ilimwita Chiriku. Asubuhi ya Jumatano alikunywa maji, koo likapanda likashuka, akakirudisha mezani. Mama yake alipokiinua akioshe, akakuta kimejaa hadi mdomoni.

"Chiriku, mbona hukunywa?"

"Nimekunywa."

"Umekunywa nini, na maji haya hapa?"

"Mama, nimekunywa. Tumbo tu ndilo halijui."

Mama akacheka. Nani asingecheka? Huyu ndiye mtoto aliyewahi kumuuliza mgeni kama pua ile alizaliwa nayo au alipewa baadaye. Basi akamwaga maji, akaosha kikombe, siku ikaendelea. Mchana mtoto akanywa tena, na kikombe hakikupungua. Jioni akanywa mama akiwa amesimama mbele yake, macho kayatoa. Aliona midomo inavuta, akasikia kwa masikio yake, gu, gu, gu, na maji kwenye kikombe yametulia tuli kama maji ya kwenye picha.

Hapo hakucheka.

"Baba Chiriku," aliita kwa sauti ndogo, "hebu njoo uone."

Baba Chiriku akaja, akaona, na badala ya kushangaa akakaa chini. Mke wake alikuja kusema baadaye: "Mimi nilishangaa, yeye aliogopa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu anaogopa jambo analolijua."

Na kweli alikuwa analijua.

Mtaani walimwita Mpimaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima maji. Nyuma ya kilima, juu ya mji, palikuwa na uwanja uliozungushiwa waya, na humo yalizikwa mapipa. Ndani yake hamkuwa na dhahabu. Mlikuwa na glovu za hospitali, makoti ya maabara, vichujio, vipande vya mabomba, takataka zote zilizoguswa na mionzi. Mionzi ni kitu kisichoonekana, hakinuki, hakina ladha. Wakubwa walisema ni kidogo, hakimdhuru mtu. Watu wakasema, kama ni kidogo hivyo, mbona mapipa hamkuyazika uani kwenu?

Ili watu watulie, vilichimbwa visima vinne kati ya mapipa na mji. Havikuwa vya kunywa. Vilikuwa kama mbwa wa mlangoni: uchafu ukivuja, vibweke kabla haujafika kwenye kisima kikubwa, kile kinachonywesha mji. Kisima cha nne ndicho kilichokuwa jirani kabisa na waya, hivyo ndicho kingebweka kwanza. Kazi ya Mpimaji ilikuwa kupanda kila Jumanne na chupa nne, kuchota kila kisima chupa yake, kuzipitisha kwenye mashine, na kuandika.

Sasa njia ya kwenda kisima cha nne ilikuwa mbaya. Ilikuwa mteremko wa changarawe, na miiba, na mfuniko wa chuma wenye kufuli la kutu. Jumanne moja ya mvua Mpimaji aliteleza akachunika goti. Akasimama pale kwenye kisima cha tatu, chupa moja tupu mkononi, damu inamtiririka hadi kwenye soksi, akajiambia: maji ni maji. Akaijaza kutoka kisima cha tatu, akaibandika namba nne. Akaandika: Nimefika. Nimechota. Ni salama.

Mashine nayo ikasema salama. Ingesema nini tena? Mashine hujibu inachoulizwa.

Uongo wa kwanza ulimnyima usingizi. Wa pili ukamnyima hamu ya chakula. Wa tatu akala, akalala. Zikapita Jumanne sitini na moja bila mguu wake kukanyaga kwenye kisima cha nne, na kila Jumanne mkono wake umeandika, Nimefika.

Hata hilo labda lingemezeka. Ila mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, watu wakaanza kunong'ona habari za mapipa, na Jumanne ile kabla ya mambo ya kikombe wakaitwa mkutanoni kwenye ukumbi wa shule. Fundi cherehani wa mtaa wa chini akasimama, mimba ya miezi minane imemtangulia, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni.

"Mimi sitaki hotuba," alisema. "Nina kiumbe humu. Ninywe au nisinywe? Basi."

Mkuu wa maabara, ambaye watu walimwita Bwana Polepole kwa kuwa hakuna jambo lililowahi kumharakisha, akamgusa Mpimaji kiwiko. Mpimaji akasimama. Chiriku alikuwa pale, kaja na baba yake, anahesabu vioo vilivyovunjika madirishani. Mpimaji akamshika mkono, akamimina maji kwenye bilauri mbele za watu.

"Huyu ni wangu," alisema. "Sina mwingine. Kisima cha nne nimekipima leo asubuhi kwa mkono huu. Ningempa mwanangu sumu?"

Chiriku akanywa yote, akajifuta mdomo, akauliza kama kuna na biskuti. Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Fundi cherehani akacheka hadi machozi yakamtoka. "Haya," alisema, "kama mtoto amekunywa, nimekubali." Akakaa.

Kesho yake ndipo kikombe kikakataa kupungua.

Alhamisi walimpeleka hospitali. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kupasuka. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye mzaha, akatundika chupa ya dripu akasema, "Huyu nipeni saa moja tu, atanitukana." Saa ikapita. Akarudi, akaitazama ile chupa ya dripu, akaigonga kwa kucha. Matone yalikuwa yanashuka, tone, tone, tone, kila mtu anayaona, lakini chupa imejaa vile vile. Akabadilisha mpira. Akabadilisha chupa. Akabadilisha mkono wa mtoto. Mara ya nne mzaha ulikuwa umemwisha, akatoka kwenda kumtafuta daktari, na njiani wakamsikia anaomba Mungu.

Daktari akasema figo. Akasema pia mambo mengine marefu. Mama Chiriku akamkatiza: "Daktari, mwanangu ana muda gani?"

"Bila maji?" Daktari alitazama sakafu. "Labda kesho. Kesho kutwa tusiizungumzie."

Ijumaa, saa saba mchana, jua la utosi, ikapigwa kengele ya kuona wagonjwa. Wodi ikajaa jamaa na vifurushi. Mama alikuwa ametoka kwenda kumpokea shangazi yake getini, baba kabaki peke yake na mtoto. Akamsikia mfagizi analalamika kwenye korido: "Nani huyu anakanyaga na udongo? Mvua yenyewe haipo!" Halafu ikaja harufu, ya chuma kilicholowa, ya ardhi ya chini kabisa ambayo haijawahi kuona jua, na Mpimaji aliijua harufu ile kabla hajajua anaijua, kwa kuwa ndiyo inayotoka kwenye kisima cha kupimia unapofungua mfuniko, na nywele za mikono yake zikasimama mchana kweupe, katikati ya watu wanaomenya machungwa na kucheka, na alipogeuza shingo, ambayo haikutaka kugeuka, kwenye kiti cha wageni upande wa pili wa kitanda alikuwa amekaa mtu.

Alikuwa mrefu, kavaa nguo safi. Alikuwa amelowa kuanzia magotini kwenda chini, na miguu yake ilikuwa na udongo mweupe, ule wa kilimani. Midomo ilisogea kwanza, sauti ikafika nyuma yake, kwa kuchelewa, kama ya mtu anayeongea kutoka chini ya shimo.

"Habari za hapa, ndugu yangu."

Mpimaji akalivuta shuka la mtoto hadi kidevuni.

"Huniamkii? Na wewe ndiye uliyekuwa unanitembelea kila Jumanne. Umeandika mwenyewe. Umefika kwangu mara sitini na moja."

"Mimi..." alianza. "Mimi sikujua kama kuna mtu pale."

"Ungefika ungejua." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotisha. Alisema kama jirani aliyeumizwa. "Kila Jumanne nilifagia mdomo wa kisima, nikakaa kukungoja. Kwangu kumeingia kitu, nilitaka kukwambia. Kimekuja kutoka upande wa waya, kimepenya udongoni, hakina jina. Nikangoja. Nikasikia umeandika umeshafika, umeshachota, umeshaondoka. Nikajiuliza, ni mimi niliyesinzia? Mwishowe nikasema, basi, mtu akikutembelea mara sitini na moja, ni aibu usiende kwake mara moja."

"Mwache mwanangu. Unataka nini?"

"Mimi sijamfanya kitu. Wewe uliandika umechota, hukuchota. Ukamnywesha mbele za watu kwa jina la kisima changu. Basi naye anakunywa vile vile ulivyochota."

Chiriku akafumbua macho. Aligeuza kichwa upande wa kile kiti, akasema kwa sauti iliyokauka kama karatasi, "Baba, ndiye huyu. Juzi alikuwa anakaa jikoni kwetu. Hana maneno mengi, nilikuwa namsimulia mimi."

Mama Chiriku akarudi wodini na shangazi yake, pamoja na mwanamke mfupi aliyevaa koti kubwa la mvua. Huyo alikuwa mganga, watu wakimwita Mama Koti, kwa kuwa kiangazi na masika hakulivua, na ndani ya mifuko yake hakuna aliyejua vyote vilivyomo. Muuguzi alikuwa amemwona, akageuza uso ukutani, akasema hajaona.

Mama Koti alitembea hatua tatu, akasimama ghafla mbele ya kiti ambacho kwa macho ya wengine kilikuwa kitupu.

"Samahani," akakiambia kiti. "Sikujua mmeshaanza kuongea."

Akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu. Mama Chiriku alikuwa amemshika shangazi mkono. "Mtoe, mama," alinong'ona. "Mtoe, nakuomba, chochote unachotaka."

Mama Koti akamgeukia Mpimaji, akamtazama kama unavyotazama chakula kilichochacha.

"Nimetoa majini ya wivu," alisema. "Nimetoa ya mapenzi, na moja lililokuwa linaimba bafuni. Lakini jini lililoalikwa kwa maandishi, likawekewa na sahihi, hilo sijawahi kukutana nalo. Hilo nilifukuze kwa moshi gani? Haki iko upande wake."

"Sahihi gani?" mke aliuliza. "Baba Chiriku, sahihi gani?"

Mpimaji akamwambia yote, pale pale, machungwa yanamenywa pembeni. Mke hakupiga kelele. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Mimi ndiye niliyekuwa nakufulia zile soksi. Nilikuwa nasema, mume wangu siku hizi anarudi bila tope, labda wametengeneza njia." Akampa mgongo.

"Mgeni huyu anasindikizwa na mwenyeji," Mama Koti alisema. "Nenda ukachote ulichoandika umechota. Halafu ukiseme ulipompeleka mtoto ukasema uongo, mbele ya wale wale. Ukichota ukanyamaza, usirudi hapa."

Alasiri ile Mpimaji akapanda kilima. Miiba ilikuwa imefunga njia. Aliipasua kwa mikono. Kufuli lilikuwa limekufa, akalivunja kwa jiwe. Lakini mdomo wa kisima, wanangu, mdomo wa kisima ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana mibichi kwenye udongo mweupe, na hapakuwa na alama ya mguu wa kuingia wala wa kutoka. Akashusha chombo, akakivuta, akajaza chupa, na muda wote ule alisikia nyuma ya bega lake pumzi ya mtu anayefurahi kutembelewa, pumzi baridi, ya taratibu, isiyo na haraka ya kuondoka, na hakugeuka, kwa kuwa alijua akigeuka atakaribishwa akae.

Kule maabara mashine ilifikiri kwa muda mrefu, ikatoa namba. Namba ilikuwa imevuka mstari wa usalama. Haikuvuka kwa mbali. Haikuwa ya kumuua mtu leo wala kesho. Lakini ilikuwa imevuka.

Bwana Polepole akavaa miwani, akaivua, akafunga mlango.

"Tusikurupuke," alisema. "Ni kidogo. Wiki hii weka namba ya wiki iliyopita. Tutapima tena, pole pole. Watu wakisikia kidogo, wanasikia kikubwa."

"Namba ya wiki iliyopita ni ya kisima cha tatu."

"Nini?"

"Zote, bosi. Mwaka mzima na zaidi."

Mkuu akakaa. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Sasa hiyo si ndiyo sababu ya kunyamaza? Utatufungisha wote. Una mtoto, wewe."

Mpimaji alisimama na kalamu mkononi. Namba ya kisima cha tatu alikuwa anaijua kwa moyo, mkono wake ulikuwa umeizoea, ungeiandika wenyewe hata akilala. Akamfikiria Chiriku na midomo yake. Akaandika ile aliyoiona.

Jumamosi asubuhi alipita mitaani na kengele ya shule, anaita watu mwenyewe. Ukumbi ukajaa. Akasimama pale pale alipokuwa amesimama Jumanne, safari hii mikono mitupu, akasema yote: goti, chupa, kisima cha tatu, Jumanne sitini na moja, na mtoto aliyemtumia kama mhuri. Mzee mmoja nyuma akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha kiatu kikaruka, kikampata shavuni. Hakujikinga.

Fundi cherehani akasimama, na watu wakampisha, maana tumbo lake lilisema kabla yake.

"Mimi nilikunywa kwa kuwa mtoto wako alikunywa," alisema. "Niambie jambo moja. Mionzi imeanza kuvuja tangu lini?"

"Sijui, dada yangu."

"Wiki? Mwezi? Mwaka? Mimba hii ina miezi minane. Kabla yake au baada yake?"

"Sijui. Ningekuwa nimekwenda, ningejua."

Saa ile ile, wodini, mama Chiriku alikuwa amemshikia mtoto kikombe. Anasema hakutazama mtoto, alitazama maji. Yakashuka upana wa kidole. Yakashuka tena. Chiriku akanywa hadi chini, akakohoa, akasema, "Mama, ongeza, na hayo si baridi." Mfagizi akapita na dekio lake, akafuta nyayo za udongo chini ya kile kiti, na safari hii hazikurudi.

Kisima kikubwa kilifungwa siku ile. Malori ya maji yakaja, wataalamu wengine wakaja na mashine kubwa zaidi. Wakasema kisima kikubwa, leo, kiko chini ya mstari. Leo. Maji yaliyonywewa mwaka mzima yalikuwa yameshapita, hayana wa kuyapima. Bwana Polepole alihamishwa. Mpimaji alifukuzwa kazi, na kama si yule mganga kumwambia mke maneno mawili matatu, angefukuzwa na nyumbani. Chiriku alipona, hata alipona kupita kiasi, maneno yakaongezeka.

Fundi cherehani alijifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye mapafu ya kuamsha mtaa. Daktari alimgeuza huku na huku, hakuona kitu. Watu wakamwambia fundi, shukuru Mungu, yamekwisha.

Lakini kila Jumanne, saa saba mchana, fundi huja na mtoto wake nyumbani kwa Mpimaji. Hagombi. Hatukani. Hukaa, humweka mtoto mapajani kwa Mpimaji, na kusema:

"Mpime."

Mpimaji humshika yule mtoto, uzito wake wote wa moto, humtazama kucha, humtazama macho, mtoto humcheka na kumvuta sikio. Jibu lake ni moja tangu siku ya kwanza.

"Sijui, dada yangu."

"Basi nitarudi," husema fundi, na humchukua mtoto wake.

Mke wa Mpimaji humsindikiza hadi mlangoni, na ndiye aliyeliona hili, na amemwambia mtu mmoja tu. Anasema yule fundi akifika, huingia, kisha husogea kando na kuushikilia mlango wazi kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake aliye nyuma. Na wakati wa kuondoka huufunga nyuma yake bila kumngoja mtu yeyote.